Fidia kwa madhara ya chanjo: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Majibu haya ni kwa mzazi au mtu mzima wa mikoa hii miwili anayeamini kwamba chanjo, au mkono uliochoma chanjo, umemwachia ulemavu au umempotezea mtu wake. Si majibu ya kupinga chanjo. Anayetafuta sababu ya kumnyima mwanawe matone ya polio hapa hataipata. Sheria inayoelezwa ni ya Tanzania Bara. Ukishasoma, nenda kwa mtu wa sheria ukiwa na karatasi zako mkononi, maana kila kesi ina yake.

Serikali ina mfuko wa kuwalipa walioumizwa na chanjo?

Hakuna. Swali hili huja la kwanza kwa sababu watu wameona kwenye simu video za Marekani, mtu analipwa dola nyingi kwa sababu ya sindano. Si lazima video hizo ziwe za uongo. Marekani ilitunga sheria mwaka 1986, na tangu 1988 kuna mfuko unaojazwa kwa kodi ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa unaokingwa katika kila dozi. Anayedai kule haonyeshi kosa la mtu. Anaonyesha tu kwamba madhara yametokana na chanjo. Ujerumani ilikuwa na utaratibu wake tangu 1961. Uingereza ina sheria ya 1979 inayolipa pauni 120,000 kwa mkupuo mmoja, ila ulemavu uwe umefika asilimia 60. Afrika Kusini waliunda mpango wao 2021, na ni kwa chanjo za UVIKO-19 peke yake.

Kwetu mlango huo haupo. Anayetaka fidia anapita njia ile ile ya mtu aliyeumizwa hospitali kwa sindano nyingine yoyote: aonyeshe kwamba kulikuwa na mtu mwenye wajibu kwake, mtu huyo akafanya uzembe, na uzembe huo ndio uliomletea madhara. Maana yake ni kwamba mtoto aliyepatwa na madhara ya nadra kutokana na chanjo nzuri, iliyotunzwa vizuri na kuchomwa vizuri, kwa sheria ya leo hana wa kumlipa. Ni vigumu kumwambia mzazi hivyo. Binafsi naona nchi inayomwomba kila mama alete mtoto kliniki ingekuwa na mfuko kwa ajili ya huyo mmoja aliyeangukiwa. Lakini maoni yangu hakimu hayatumii.

Uzembe wenyewe ni upi? Nesi atakubali kwamba amekosea?

Huhitaji akubali. Unachohitaji ni kuonyesha kwamba kilichofanyika hakikufuata utaratibu ambao mtoa chanjo mwenye ujuzi wa kawaida angeufuata. Na utaratibu wa chanjo, tofauti na tiba nyingi, umeandikwa na unajulikana, kwa hiyo una pa kuushika.

Sindano za mtoto mchanga kama Penta, ile moja inayokinga magonjwa matano, huchomwa kwenye paja, upande wa nje na mbele. Hazichomwi kwenye tako, kwa sababu pale unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoteremka mguuni. Chanjo ya surua na rubella huja kama unga, ikachanganywa na maji yake maalumu. Ikishachanganywa, isitumike baada ya saa 6. Ikiachwa mpaka kesho yake bakteria huzaliana humo, na mtoto anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. BCG, chanjo ya kifua kikuu, nayo ina ukomo huo huo wa saa 6. Kwenye kichupa kuna kialama kidogo, mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukifanana rangi na duara au kuwa mweusi zaidi, kichupa kinatupwa. Sindano inajifunga yenyewe ikitumika mara moja, na mtoto anakaa pale kituoni walau dakika 15 baada ya kuchomwa ili mzio mkali ukitokea adrenalini iwe karibu.

Mtu akiniambia "chanjo imeua", mimi huuliza kwanza nani alichanganya na alichanganya na nini. Mei 2017 huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua. Uchunguzi ulikuta sindano moja ilitumika siku nne mfululizo na chanjo hazikuwekwa kwenye baridi. Samoa, Julai 2018, watoto wachanga wawili walikufa kwa sababu unga wa chanjo ulichanganywa na dawa ya kulegeza misuli iliyopitwa na muda badala ya maji. Wauguzi wawili walikiri kosa na kufungwa miaka mitano. Sehemu ya kusikitisha zaidi ikaja baadaye: wazazi waliogopa, chanjo ikasimama kwa miezi, na surua ilipoingia mwishoni mwa 2019 ikaua watu 83, wengi wao watoto wadogo.

Mtoto alipata homa, paja likavimba, na BCG imemtoa jipu begani. Naweza kudai?

Kwa hayo hapana. Hayo ndiyo wahudumu wanayaita maudhi madogo madogo. Kidonda cha BCG hutoka usaha na kuacha kovu, ndiyo kawaida yake. Ikiwa tezi za kwapani zimevimba na kupasuka, au jipu la paja limehitaji kupasuliwa, mrudishe kituoni na hakikisha limeandikwa.

Mwanangu alipata degedege siku chache baada ya chanjo, na sasa kusema kwake si kuzuri. Kwani si chanjo?

Huenda degedege ni ya chanjo, na kuchelewa kusema si ya chanjo. Mambo haya mawili mahakama itayatenganisha hata kama wewe umeyaona yakifuatana.

Chanjo ya surua inaweza kuleta homa kati ya siku ya 6 na ya 12, na homa ikaleta degedege. Hutokea takribani kwa mtoto mmoja kati ya 3,000 au 4,000. Degedege ya homa inatisha mno kuitazama, lakini kwa kawaida haiachi ulemavu. Wakati huo huo, umri wa miezi 9, mtoto anapochanjwa surua, ndio umri ambao malaria, homa ya uti wa mgongo na matatizo ya kuzaliwa nayo huanza kuonekana. Mikoa yetu malaria bado ni nyingi. Wakili wa upande wa pili atauliza: siku ile ya degedege mtoto alipimwa malaria? Majibu yako wapi? Alilia alipozaliwa? Kama kadi inaonyesha alizaliwa amechoka na akawekewa oksijeni, swali hilo litakusumbua.

Kwa hiyo kinachoweza kusimama mahakamani ni muda unaolingana na madhara yenyewe. Mzio mkali huja ndani ya dakika au saa chache. Mshipa wa fahamu uliochomwa huonekana pale pale au siku hiyo hiyo. Tezi za BCG huvimba baada ya wiki au miezi. Madai ya ugonjwa uliojitokeza mwaka mzima baadaye, bila daktari wa kuunganisha, huwa hayafiki mbali.

Mguu mmoja umelegea tangu siku ya sindano. Tufanye nini leo?

Leo, si Jumatatu. Mtoto yeyote chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla anatakiwa kutolewa sampuli mbili za choo, zikipishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze. Ni utaratibu wa kitaifa wa kufuatilia polio na ni bure. Mwambie mganga mfawidhi neno hilohilo, "ulegevu wa ghafla", naye anajua anatakiwa kumpigia mratibu wa chanjo wa wilaya. Sampuli hizo zina kazi mbili. Kwa afya ya umma zinaonyesha kama kuna kirusi cha polio, kikiwemo kile kilichotokana na chanjo ya matone, ambacho ni nadra sana: takribani mtoto mmoja kwa dozi milioni 2.7. Kwako wewe zinaondoa ubishi. Siku ya 14 ikipita bila sampuli, hakuna wakili wa kuirudisha.

Ikiwa choo hakina kirusi, na ulegevu ni wa mguu ule ule uliochomwa, na ulianza saa ile ile, hapo mshipa wa fahamu ndio unaoshukiwa. Omba rufaa uonane na daktari wa mifupa au wa mishipa ya fahamu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo, Mtwara, na hospitali za rufaa za mkoa ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Piga picha ya alama ya sindano ilipo, ukiweka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, na goti lionekane kwenye picha. Picha inayoonyesha ngozi tu haimwambii hakimu kama ni paja au ni tako. Mazoezi ya viungo yaanze mapema. Mtoto akiachwa mguu ukasinyaa, mahakama inaweza kuuliza kwa nini wewe mwenyewe hukupunguza madhara.

Nianzie mahakamani, polisi, au kituo kilichomchoma?

Kituoni. Kila tukio baya baada ya chanjo lina fomu yake ya taarifa, na tukio kubwa, yaani kifo, kulazwa, ulemavu au hatari ya kufa, linapaswa kuripotiwa haraka kwa mratibu wa chanjo wa wilaya na kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo kwa kanda ya kusini ina ofisi Mtwara mjini. Hata wewe mwananchi unaweza kutoa taarifa TMDA, pamoja na kupitia *152*00# kwenye simu ya kawaida.

Wazazi wengi huruka hatua hii kwa hasira. Wanaona ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Lakini taarifa hiyo ndiyo inayoanzisha uchunguzi: namba ya bechi inaandikwa, kichupa kinawekwa pembeni, friji inaangaliwa, watoto wengine waliochanjwa siku ile wanatafutwa. Baada ya hapo wataalamu huliweka tukio katika moja ya mafungu matano: limetokana na chanjo yenyewe, limetokana na kasoro ya utengenezaji, limetokana na kosa la utoaji, limetokana na hofu ya sindano, au limesadifiana tu. Likisemwa ni kosa la utoaji, nusu ya kesi yako imeandikwa na Serikali yenyewe. Likisemwa ni sadfa, bado unaruhusiwa kuleta daktari wako, ila ujue mlima ulio mbele.

Polisi ni pale unaposhuku jinai, kwa mfano mtu asiye na taaluma amechoma sindano mtaani.

Wanasema faili ni mali ya hospitali, hawanipi.

Karatasi ni yao, taarifa ni zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kufikia taarifa zake, na mzazi anaomba kwa niaba ya mtoto. Omba kwa barua kwa mganga mfawidhi, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya, na upate muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala unayobaki nayo. Usiombe "faili". Omba kwa majina: muhtasari wa kulazwa na kuruhusiwa, majibu ya vipimo, ukurasa wa rejesta ya chanjo wa siku ile, namba ya bechi ya chanjo na ya maji ya kuchanganyia, na kumbukumbu za joto la friji za mwezi huo. Ombi la jumla hupewa jibu la jumla.

Kadi ya kliniki usiiache popote. Anayeihitaji atoe kopi mbele yako.

Namshtaki nani? Nesi, halmashauri, wizara, au kiwanda cha India?

Nesi mwenyewe unaweza kumtaja, lakini hana kitu cha kukulipa, na mwajiri anabeba makosa ya mfanyakazi wake akiwa kazini. Zahanati na vituo vya afya vya umma ni vya halmashauri. Hospitali za rufaa za mkoa ziko chini ya Wizara ya Afya. Kwa vyote hivi Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye kesi, vinginevyo shauri linaharibika lote. Ni takwa la Sheria ya Mashauri ya Serikali baada ya marekebisho ya 2020, na kesi ya namna hiyo hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwetu ni Kanda ya Mtwara, inayohudumia mikoa yote miwili, jambo ambalo mtu wa Liwale wakati wa masika analijua kwa mgongo wake.

Hospitali za misheni hazina masharti hayo. Pale mdaiwa ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, na kesi isiyozidi shilingi milioni 200 inaweza kuanza Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Angalia tu kama aliyechoma ni mwajiriwa wa Serikali aliyeazimwa hospitalini hapo. Mara nyingi ni hivyo, na ukikosea mdaiwa unaanza upya.

Kiwanda, kinadharia, kinaweza kushtakiwa chanjo ikiwa na kasoro. Bila maabara iliyothibitisha kasoro kwenye bechi hiyo, usitumie hela zako huko.

Nina muda gani?

Pungufu ya unavyodhani. Madai ya uzembe kwa ujumla yana miaka 3. Lakini jedwali la Sheria ya Ukomo lina kipengele cha mwaka 1 kwa fidia inayotokana na kitendo kilichofanywa kwa kutekeleza sheria iliyoandikwa, na mawakili wa Serikali hukitumia kama ngao. Chanjo ya umma inaweza kuvutwa humo. Ushauri wangu: jihesabu una mwaka mmoja, na humo humo utoe siku 90 za notisi ambayo Serikali lazima ipewe kabla ya kushtakiwa.

Kwa mtoto, muda hauanzi kuhesabiwa mpaka afikishe miaka 18. Hilo ni la kumlinda mtoto, lisiwe kisingizio cha mzazi kulala. Kufikia miaka 18 rejesta imeliwa na mchwa na muuguzi amehamishwa mara tatu. Mzazi anaweza kufungua kesi sasa kwa jina la mtoto.

Waliochelewa wana mlango mwembamba: waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda, usizidi nusu ya ule wa awali, akiona ni haki. Ni kwa maombi na si kwa hakika.

Kwetu ucheleweshaji una msimu wake. "Ngoja tuuze korosho ndio tutafute wakili." Mnada wa kwanza ni Oktoba, malipo yanaingia kwa awamu, Januari kuna ada za shule, na mwaka umekwisha. Notisi haihitaji hela ya korosho. Inahitaji karatasi na nauli ya kuifikisha.

Notisi ya siku 90 inaandikwaje?

Kwa Kiswahili cha kawaida tu. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Inakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri au katibu mkuu wa wizara, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Ieleze nani aliumia, lini, wapi, kwa chanjo gani, nini kilifanywa kinyume cha utaratibu, madhara ni yapi, na unadai nini. Mfano wa sentensi yenye nguvu: "Tarehe hiyo mtoto alichomwa Penta kwenye tako la kulia badala ya paja, na alishindwa kukanyaga mguu huo jioni hiyo hiyo." Mfano wa sentensi isiyokusaidia: "Nesi yule ana roho mbaya na kijiji kizima kinamjua."

Peleka kwa mkono upate muhuri, au kwa EMS utunze stakabadhi. Kesi iliyofunguliwa siku ya 80 inaondolewa, hata kama ni ya kweli kuliko zote.

Nilisaini fomu ya ridhaa. Si nimejifunga?

Hujajifunga. Ulikubali madhara yanayojulikana ya chanjo iliyotolewa sawasawa. Hakuna anayeridhia kuzembewa.

Na chanjo ya UVIKO-19? Nilisikia kulikuwa na fidia.

Ulisikia sawa. Februari 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpango wa fidia bila kutafuta kosa kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwemo, kwa chanjo zilizogawiwa kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za UVIKO-19. Dozi zetu za kwanza, 1,058,400 za Janssen, ziliingia kwa njia hiyo Julai 24, 2021. Mpango ulihusu kifo au ulemavu wa kudumu tu, uliodhihirishwa na daktari, na aliyepokea malipo aliacha haki ya kushtaki kwa jambo hilo. Ombi lilikuwa la bure na halikuhitaji wakili. Mpango uliwekewa ukomo, kwa hiyo kabla ya kumpa mtu elfu hamsini "akujazie fomu ya WHO", hakikisha kwenye tovuti ya mpango wenyewe kama madai yako bado yanapokelewa.

Mimi ni mhudumu wa afya, nimechomwa na sindano iliyotumika wakati wa huduma ya mkoba.

Hapo una bahati kuliko mama uliyekuwa unamhudumia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, haukuulizi nani kakosea. Unauliza kama umeumia ukiwa kazini. Toa taarifa kwa mwajiri mara moja, anza dawa za kinga dhidi ya VVU ndani ya saa 72, na dai lifike kabla ya miezi 12. Mwajiri akisuasua, nenda WCF mwenyewe.

Binti yangu alizimia shuleni siku ya chanjo ya mlango wa kizazi, wenzake nao wakaanguka. Walimu wanasema ni mapepo.

Kuzimia kwa hofu ya sindano kunajulikana, na kwa wasichana waliokusanyika darasa moja kunaambukizana kwa macho. Mwaka 2014 mji wa Carmen de Bolívar, Colombia, mamia ya wasichana waliugua hivyo, na uchunguzi haukukuta kosa la chanjo. Dai haliko kwenye kuzimia. Liko pale aliposimamishwa mstarini baada ya sindano badala ya kukalishwa, akaanguka, akavunja taya kwenye sakafu.

Mtoto amefariki na tumeshamzika.

Poleni. Sheria inawaruhusu wazazi kudai kwa kifo kilichosababishwa na uzembe, na chini ya mirathi ya mtoto pia. Ugumu ni sababu ya kifo. Huku pwani tunazika siku hiyo hiyo, na kufukua kaburi ni kwa amri ya kisheria, jambo ambalo familia nyingi hazitaki kulisikia, na sizilaumu. Bila uchunguzi wa mwili zinabaki karatasi za saa za mwisho, maelezo ya waliokuwepo, na hali ya watoto wengine wa siku ile. Ikiwa watatu wa kichupa kimoja waliharisha na kutapika usiku huo huo, ushahidi upo hata bila kufukua.

Kwa msiba unaotokea sasa: kabla ya kuosha, ombeni daktari auone mwili na aandike. Hilo halicheleweshi mazishi kwa siku nzima.

Nesi ni mkwe wetu, na wazee wanataka tuyamalize nyumbani.

Hili ndilo swali halisi katika nusu ya mashauri, hata kama linaulizwa mwisho. Mtu wa kijiji kimoja Tandahimba au Ruangwa hawezi kumburuta mwenzake mahakamani kisha akakutana naye kisimani. Na nesi huyo huyo ndiye atakayemzalisha mdogo wako mwezi ujao.

Sulhu si dhambi, na hata Mahakama Kuu hupeleka kesi kwenye usuluhishi kabla ya kusikiliza mashahidi. Ila angalieni mambo matatu. Nesi hana mamlaka ya kuifunga halmashauri, kwa hiyo makubaliano naye ni ya mfukoni mwake tu. "Mkono wa pole" wa laki mbili na mchele ukipokewa, kuandikwe wazi kwamba ni pole na si fidia ya mwisho, na wazee wasaini. La tatu ndilo ninaloliona likiharibu zaidi: sharti la sulhu kuwa taarifa isiende TMDA. Msikubali. Kichupa kile kile, friji ile ile, kesho vinamhudumia mtoto wa jirani. Taarifa ya usalama wa chanjo haina mtuhumiwa na haikatazi sulhu. Mkwe wenu anaweza kusamehewa na friji ikakaguliwa.

Nikishinda nitapata kiasi gani?

Gharama halisi hulipwa kwa risiti, na mahakama ni kali: kila shilingi itajwe kwenye madai na ithibitishwe. Tunza stakabadhi ya kontroo namba, tiketi za basi la Masasi na Dar, risiti ya magongo. Bodaboda hatoi risiti, basi andika siku hiyo hiyo kwenye daftari tarehe, safari, na nauli. Fidia ya jumla kwa maumivu na ulemavu huamuliwa na jaji mwenyewe. Anayekuahidi "milioni mia tano zimo" anakuuzia ndoto.

Ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzako. Ulizia hilo kabla.

Sina hela ya wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Muulize afisa maendeleo ya jamii. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, hupeleka wanasheria mpaka vijijini. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi Lindi. Asiye na uwezo pia anaweza kuiomba mahakama afungue bila kulipa ada. Jihadhari na mawakili vishoka wanaokaa nje ya mahakama na mkoba. Jina la wakili linaangaliwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, dakika mbili tu.

Kulalamika Baraza la Uuguzi na Ukunga au Baraza la Madaktari kunaweza kumwadhibu mtoa huduma. Hakukulipi.

Aliyepata madhara aendelee na chanjo zilizobaki? Na mdogo wake?

Mdogo wake aendelee. Aliyeumia inategemea: mzio mkali baada ya dozi ya kwanza ni sababu ya kutorudia chanjo ile, na iandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya kadi. Homa na jipu si sababu. Sindano iliyochomwa pabaya haihusu dawa iliyokuwa ndani yake, kwa hiyo dozi inayofuata anapewa, na unayo haki ya kumwambia mtoa chanjo achome paja jingine na umwone akikifungua kichupa.